Hela ya jioni si faida yote

Wengi tuliokulia Kigoma tukitembeza dagaa kwenye sinia tuliamini kwamba hela iliyo mfukoni jioni ndiyo faida. Hata watu wazima wenye genge huamini hivyo, na si ajabu: hela unaiona, gharama huzioni.

Chukua mfano. Umenunua dagaa wabichi kwenye mwalo wa Kibirizi, wavuvi wanakoshusha samaki, kwa shilingi 20,000, ukawaanika na kuwauza kwa 27,000. Toa bodaboda 2,000, mifuko 500, ushuru 500. Zimebaki 4,000, na humo bado hujajilipa kwa kuanika na kufukuza kunguru (kazi niliyoidhani mchezo). Tena mbalamwezi ikiwaka, wavuvi wanaovuta dagaa kwa taa usiku hupata kidogo na bei ya mwaloni hupanda. Aliyekula mtaji akidhani ni faida hukwama hapo.

Kujipima ni rahisi. Weka mtaji kwenye kopo lake, andika kila kinachotoka kwa siku saba, kisha nenda kanunue mzigo uleule. Kitakachozidi ndicho faida. Ila tumia bei ya leo, si ya wiki iliyopita.