Mwanangu keshaonekana: akademi za Ulaya kati ya maneno ya uwanjani na kanuni

Kila Jumamosi, tukiwa kwenye mazoezi ya watoto, hakosi mzazi wa kunivuta pembeni na kuninong'oneza kwamba mwanawe "keshaonekana". Na nani? Na mtu mwenye namba ya simu ya Uingereza. Nimeshasikia hadithi hiyo mara nyingi mno, na mwisho wake naujua. Nimeona afadhali niandike, nikijibu moja moja maneno ninayoyasikia uwanjani.

"Kipaji kikiwa kikubwa, klabu ya Ulaya itamchukua hata akiwa na miaka 14."

Haiwezi, hata ikimtaka vipi. Kanuni ya 19 ya FIFA inakataza mchezaji kuhamia klabu ya nchi nyingine kabla hajatimiza miaka 18. Milango ya pembeni ipo michache: wazazi wamehamia nchi ile kwa sababu zao zisizohusu mpira, mchezaji wa miaka 16 hadi 18 anahama ndani ya Umoja wa Ulaya, au ni mtoto wa mpakani, ambaye nyumba yao na klabu anayoitaka upande wa pili ziko ndani ya kilomita 50 kutoka mpaka. Wakimbizi nao wana utaratibu wao. Mtoto wa Temeke au Kisumu anayepelekwa peke yake kucheza mpira hapiti popote hapo.

Hapo tapeli huja na jibu lake: "Tutamwandikisha shule kwanza, au mama atafutiwe kazi kulekule." Ujanja huo FIFA inaujua. Usajili wa kimataifa unahitaji hati rasmi ya uhamisho kuanzia umri wa miaka 10, na mzazi aliyehama kwa ajili ya mpira wa mwanawe hahesabiki. Klabu kubwa zimejaribu kupenya zikaumia. Barcelona walifungiwa kusajili mwaka 2014, wakaitumikia adhabu hiyo 2015, vipindi vyote viwili vya usajili. Real Madrid na Atlético zikafuata 2016, Chelsea 2019. Kama Barcelona hawakuponea, huyo wakala wa WhatsApp ataponea wapi?

Uingereza ndiyo imefunga zaidi. Cesc Fàbregas alitoka Barcelona kwenda Arsenal mwaka 2003 akiwa na miaka 16. Njia hiyo haipo tena. Tangu Januari 2021, baada ya Uingereza kujitoa Umoja wa Ulaya, klabu zake haziwezi kusajili hata kijana wa Kihispania mwenye miaka 17. Kwa hiyo ukiombwa "ada ya majaribio" ili mwanao wa miaka 13 aende London, funga pochi.

"Akiingia akademi, maisha yameshapatikana."

Akademi za Uingereza husajili watoto kuanzia kundi la chini ya miaka 9. Hao hawana mshahara. Wakifika 16, wachache hupewa nafasi ya uanagenzi wa miaka miwili, na mkataba wa kwanza wa kulipwa husainiwa kuanzia miaka 17. Katikati ya njia wengi hutemwa. Arsenal walimwacha Harry Kane angali mtoto mdogo. Sheffield Wednesday walimtema Jamie Vardy akiwa na miaka 16. Akaenda kufanya kazi kiwandani huku akicheza ligi za chini, Leicester wakamnunua 2012, na 2016 akawa bingwa wa Uingereza. Wazazi hupenda sana mifano hii miwili. Mimi huwakumbusha kwamba tunaijua kwa sababu ni adimu.

"Bora ni yule mwenye mwili."

Kwa leo, ndiyo, anawaangusha wenzake. Uingereza makundi ya umri hufuata mwaka wa shule, Septemba hadi Agosti, kwa hiyo aliyezaliwa Septemba anamzidi wa Agosti karibu mwaka mzima, na wote wako timu moja. Ndiyo maana akademi zimejaa watoto wa miezi ya mwanzo. Baadhi yake sasa huchezesha mechi kwa kupanga watoto kufuatana na ukuaji wa mwili, vyeti vya kuzaliwa vikawekwa kando. Antoine Griezmann alikataliwa na klabu kadhaa za Ufaransa kwa udogo wa umbo; Real Sociedad ya Hispania ndiyo iliyomlea.

Sisi huku tuna ugonjwa wetu: umri wa mpira. Tunampunguzia kijana miaka mitatu ili atambe dhidi ya wadogo, halafu tunashangaa akifika miaka 20 hana alichojifunza zaidi ya kutumia kifua. Tangu 2009 FIFA hupima kifundo cha mkono kwa MRI, picha ya ndani ya mwili inayoonyesha mfupa umekomaa kiasi gani, kwenye Kombe la Dunia la chini ya miaka 17. Mfupa hauna cheti cha kughushi.

"Akademi nzuri ni yenye vikombe."

Vikombe vya watoto wa miaka 10 ni vya kupigia picha.

"Timu ya mtaani ikishamtoa mchezaji, haipati kitu."

Hii inaniuma zaidi, maana hapa hela ipo kweli na tunaiacha. Mchezaji akiuzwa kutoka nchi moja kwenda nyingine, asilimia 5 ya ada ya uhamisho hugawiwa klabu zilizomlea kati ya miaka 12 na 23: asilimia 0.25 ya ada kwa kila msimu wa miaka 12 hadi 15, na 0.5 kwa kila msimu baada ya hapo. Klabu iliyokaa na kijana misimu miwili, akiwa na miaka 13 na 14, ikisikia ameuzwa kwa euro milioni 10, ina haki ya euro 50,000. Mbwana Samatta alipotoka Genk kwenda Aston Villa Januari 2020, kanuni hiyohiyo ndiyo iliyozihusu klabu alizopitia utotoni na ujanani, Simba na TP Mazembe zikiwemo.

Ila mgao hufuata pasipoti ya mchezaji, yaani orodha ya klabu alizosajiliwa tangu utotoni, na tangu Novemba 2022 FIFA ina kituo maalumu cha kupitisha malipo hayo. Chanzo cha orodha ni usajili uliofanywa kwenye shirikisho la nchi. Timu yetu ina daftari la kaunta lenye majina ya watoto waliopita kwetu kwa muda wa miaka kumi na moja, limeandikwa vizuri kwa kalamu ya bluu, na kwenye mfumo wa shirikisho hakuna hata mmoja.