Mnyoo unayemwona kwenye samaki, na yule usiyemwona

Tumbo la dagaa wa Ziwa Victoria limevimba, unalipasua, unakuta utepe mweupe umejikunja humo, mara nyingine mrefu kumshinda dagaa mwenyewe. Papo hapo hukumu inatoka: samaki kaoza, au ziwa limetiwa sumu. Sivyo. Huyo ni tegu aitwaye Ligula, na safari yake haimlengi binadamu. Mnandi anakunya mayai majini; kinachoanguliwa kinamezwa na kijidudu cha majini; dagaa anakila kijidudu hicho; tegu anakua tumboni mwa dagaa akimsubiri mnandi mwingine. Anayepata hasara ni dagaa, maana mnyoo huyo huzuia mayai na mbegu zake kukomaa, asizae. Wewe ukimkaanga akaiva, umekula nyama tu. (Ukikosa hamu, sikulaumu.)

Dhana ya pili ndiyo inayonitisha mimi, nayo ni pacha wa ile ya kwanza: nyama ikiwa safi machoni, haina mnyoo. Kaskazini-mashariki mwa Thailand, eneo la Isan, kuna chakula kiitwacho koi pla. Samaki wadogo wa maji baridi hukatwakatwa wabichi, wakachanganywa na ndimu, pilipili na majani. Ukitazama sahani huoni kitu. Kumbe nyama inaweza kuwa na vifuko vya mnyoo bapa, Opisthorchis viverrini, kimoja hakifiki hata nusu milimita. Akishamezwa huhamia kwenye mirija ya nyongo na kuishi humo miaka mingi. Mwaka 1994 wakala wa utafiti wa saratani wa Shirika la Afya Duniani alimweka kwenye kundi la kwanza la visababishi vya saratani, kundi moja na moshi wa tumbaku. Dawa ipo, prazikwanteli, ila aliyepona akirudi kwenye sahani ile ile anaambukizwa upya.

Na ndimu? Watu husema inaivisha. Inaigeuza nyama iwe nyeupe, basi, vifuko havishtuki. Pombe kali ya kuteremshia ni hivyo hivyo. Kinachoua ni moto uliofika katikati ya nyama, nyuzi 63 za Selsiasi, au baridi ya nyuzi 20 chini ya sifuri kwa siku 7, na friza nyingi za nyumbani hazifiki hapo. Samaki wa kubanikwa aliyekauka nje huku karibu na mfupa bado anateleza, huyo mhesabu mbichi.

Wa bwawani je, si yuko salama? Bwawa likiwa na konokono na korongo, mnyoo bapa mwingine, Clinostomum, anaweza kuingia: ndivyo vile vidonge vya njano unavyokuta kwenye nyama na matamvua ya sato.

Halafu kichocho. Utamsikia mtu akisema kakipata kwa kula samaki. Vimelea vya kichocho hutoka kwa konokono, vikaogelea na kutoboa ngozi. Mvuvi anaupata ugonjwa akiwa amesimama majini, kitoweo hakihusiki. Tena kule Cape Maclear, upande wa Malawi wa Ziwa Nyasa, watafiti walihusisha kuongezeka kwa kichocho na uvuvi uliopunguza samaki wanaotafuna konokono.