Je, wajua kwa nini kwa mwanajeshi aliyeumia Marekani, 50 jumlisha 30 siyo 80?

Ubishi ulianzia kijiweni Ujiji, pale tunapokunywaga kahawa jioni. Dogo mmoja wa bodaboda kaleta video kwenye simu, jamaa wa Kimarekani mstaafu wa jeshi anaeleza kwamba kwenye hesabu ya ulemavu wa kulipwa fidia kapewa asilimia 50 ya mgongo na asilimia 30 ya goti, halafu serikali yake imemwandikia 70. Dogo akakomaa kwamba jamaa kapigwa, 50 na 30 hata mtoto wa darasa la pili anajua ni 80, sasa hiyo kumi kala nani? Kijiwe kizima kikaungana naye, mmoja akasema ndo serikali zote zilivyo, mwingine akasema kule kuna wanasheria, jamaa aende mahakamani tu.

Mi nikawaambia ngojeni nikasome. Nimesoma siku mbili usiku bando likaisha, na kumbe jamaa hajapigwa, tena ukienda na hesabu yao kamili alitakiwa apate 65, hiyo 70 kaongezewa.

Sasa nielezeje bila kuwachosha. Sisi watu wa mwisho wa reli tuna mawese, tutumie mawese. Chukua dumu la lita 20 limejaa, hilo dumu ndo mwanajeshi mzima kabla hajaumia. Akaja mteja wa kwanza akasema nipe asilimia 50, unampimia lita 10, zimebaki 10. Akaja wa pili anataka asilimia 30. Utampa 30 ya nini? Huwezi kumpa 30 ya dumu lililokuwa limejaa wakati nusu imeshaondoka, unampa 30 ya kilichopo, yaani lita 3. Jumla zilizotoka ni 13, na 13 kwenye 20 ni asilimia 65. Basi, hesabu yote ndo hiyo. Jeraha la kwanza linakata mwili mzima, la pili linakata kile lilichoacha la kwanza, la tatu vilevile, hadi mwisho. Kanuni zao zenyewe zinasema wazi kwamba mtu mwenye ulemavu wa asilimia 60 anahesabiwa amebakiwa na uwezo wa asilimia 40, na jeraha linalofuata linapimwa kwenye hiyo 40. Wanaanza na kubwa kushuka hadi dogo (ingawa hata ukigeuza jibu linatoka lilelile, jaribu na dumu lako).

Halafu ile ya mwisho inasogezwa kwenye kumi iliyo karibu, kwa sababu malipo yao yanaenda kwa ngazi za kumi kumi tu, 10, 20, 30 mpaka 100. Ikiishia na 5 au zaidi inapanda, ikiishia na 4 kushuka chini inashuka. Kwa hiyo 65 ya jamaa ikawa 70.

Kwa nini wasijumlishe tu kama watu wa kawaida? Fikiria mtu ana vijeraha kumi, kila kimoja kimepewa asilimia 10, sikio, kidole, kovu, bega, goti na kuendelea. Ukijumlisha kidukani unapata 100, maana yake mtu huyo hana uwezo wowote uliobaki, wakati yupo anatembea na anakunywa kahawa. Na akiumia sehemu ya kumi na moja je, atakuwa na asilimia 110 ya ulemavu? Dumu la lita 20 huwezi kutoa lita 22. Kwa njia yao hao kumi wa kumi kumi wanakuja 65, wanasogezwa 70. Kusema ukweli mi mwanzoni niliona ni ujanja wa kubana hela, ila hapo nilielewa kuna mantiki, japo kubana hela nako kumo, msije mkaniona mshamba.

Maana tukija kwenye hela zenyewe ndo utaona. Idara yao inaitwa VA, ndo inashughulika na wanajeshi waliotoka jeshini, na kwa viwango vya mwaka 2025 mtu asiye na mke wala mtoto mwenye asilimia 10 alikuwa anapata dola 175.51 kwa mwezi, laki nne na kitu za kwetu. Wa 50 alikuwa anapata 1,102.04, wa 90 alikuwa 2,297.96, na wa 100 alikuwa 3,831.30, hiyo ni milioni 9 na zaidi kila mwezi na haikatwi kodi. Kuanzia asilimia 30 kwenda juu wanaongeza kitu kwa ajili ya mke, watoto, na hata wazazi wanaomtegemea. Sasa angalia tena hizo namba, kutoka 90 kwenda 100 ni ngazi moja tu lakini hela inaruka dola 1,533.34, wakati kutoka 80 kwenda 90 inaongezeka kama 253 hivi. Ndo maana wastaafu wengi wa kule kilio chao kiko hapo.

Na hapo ndo hesabu ya dumu inauma. Mtu mwenye 90 kamili amebakiwa na 10. Akipata jeraha jipya la asilimia 40, hiyo ni 40 ya ile 10, yaani 4, anakuwa 94, na 94 inashuka inarudi 90. Jeraha la asilimia 40 limemuongezea sifuri! Ili afike 95 na kusogezwa kwenye 100 anahitaji jeraha la asilimia 50 zima. Dogo wa boda aliposikia hii akasema si bora wangemwachia tu ile hesabu ya darasa la pili. Nikamwambia hapo nipo na wewe, hiyo sehemu mi mwenyewe siwatetei.

Kuna nafuu moja nimeipenda. Kama umeumia pande zote mbili, magoti yote mawili au mikono yote miwili, wanajua kwamba ukiumia goti la kulia kawaida la kushoto ndo linakubeba, sasa na lenyewe likiwa bovu unaegemea wapi? Kwa hiyo wanayaunganisha hayo mawili kwanza halafu wanaongeza sehemu ya kumi ya jibu. Mfano magoti mawili kila moja 30 yanakuwa 51, ukiongeza sehemu ya kumi, 5.1, unapata 56, unasogezwa 60. Bila hiyo nyongeza ungebaki 50.

Kitu kingine watu hawajui, asilimia siyo kipimo cha maumivu. Sheria yao inasema malipo yafuate wastani wa jinsi jeraha la aina hiyo linavyompunguzia mtu uwezo wa kuingiza kipato. Neno ni wastani. Kwa hiyo mwanasheria anayekaa kwenye kiti siku nzima na fundi ujenzi anayepanda ngazi na zege begani, wakipoteza mguu uleule wanapewa asilimia ileile. Na mwenye 100 kwa hesabu ya kawaida anaruhusiwa kufanya kazi na mshahara akala, hakuna anayemuuliza. Ila kuna mlango wa pembeni, kama una jeraha moja la kufika 60, au una jumla ya 70 na ndani yake kuna moja la 40, na hayo majeraha yamekufanya ushindwe kushika kazi ya kukulisha, wanaweza kukulipa kama wa 100 hata kama hesabu yako haijafika. Huyo sasa ndo haruhusiwi kwenda kushika kazi ya mshahara kamili halafu aendelee kulipwa.

Unadhani jeraha linaloongoza kwa kulipwa ni lipi? Kijiweni walitaja miguu, risasi, mabomu. Hapana, ni mlio wa masikioni, ule wa nziiii usioisha unaowapata watu waliokaa karibu na mizinga na injini za ndege. Hao ni wengi kuliko wote, na kiwango chake ni asilimia 10 tu, hata yakilia yote mawili bado ni 10 ileile.

Kuna na asilimia sifuri. Nilicheka nilipoiona lakini ina maana yake, ni serikali kukiri kwamba ndiyo, hiki kitu ulikipata jeshini ila kwa sasa hakikusumbui kiasi cha kulipwa. Hela hupati, matibabu ya kitu hicho unapata, na siku kikizidi unarudi kuomba waongeze asilimia bila kuanza kubishana upya kama kweli kilitokea jeshini au ulianguka nyumbani kwako kwenye mwembe.

Maana shughuli nzito siyo hesabu, ni ushahidi. Lazima uonyeshe vitu vitatu, kwamba unaumwa sasa hivi, kwamba jambo fulani lilikupata ukiwa jeshini, na kwamba hilo la kule ndo lililoleta hili la leo. Hicho cha tatu ndo kinawaangusha wengi, kwa sababu mtu alianguka kwenye gari la jeshi akiwa na miaka 20, akaona aibu kwenda kwa dokta asionekane legelege mbele ya wenzake, ameenda kulia mgongo akiwa na miaka 50, faili lake la jeshi liko safi kama karatasi mpya. Atasemaje?

Kwa wengine serikali iliamua kuwaondolea huo mzigo wa kuthibitisha kiunganishi. Waliopigana Vietnam, misitu waliyokuwemo ilimwagiwa dawa ya kuua majani inaitwa Agent Orange, na waliokwenda Iraq na Afghanistan walikaa jirani na mashimo makubwa ya kuchomea taka, plastiki, betri, mafuta, kila kitu kinachomwa humo na moshi wanavuta wao. Tarehe 10 Agosti 2022 ikasainiwa sheria inaitwa PACT, ikaongeza magonjwa zaidi ya 20 kwenye orodha ya yale ambayo ukiwa nayo na ulikuwepo maeneo hayo, wanachukulia tu kwamba yametoka huko, huhitaji kuhangaika na dokta wa kuunganisha.

Hapo mzee wetu akaingia. Tuna mzee mmoja pale kijiweni, alipita Kagera kwenye vita vya Amin, 1978 na 1979, paja lake lina kipande cha chuma mpaka leo na sikio la kushoto ukimsemesha taratibu hakusikii. Yeye akasema habari ya karatasi siyo ya Wamarekani peke yao, mnakumbuka ile ya askari wa Mjerumani? Wengi walikuwa hawaijui, na mimi niliijua nusu.

Ni kwamba kwenye vita vya kwanza vya dunia hapa kwetu ilikuwa nchi ya Mjerumani, ile reli yenyewe ya kuja Kigoma waliimaliza 1914, na ile meli ya Liemba walikuja nayo vipandevipande wakaiunga hapahapa halafu 1916 wakaizamisha wenyewe Mwingereza na Mbelgiji wasiichukue. Askari weusi waliwapigania miaka minne, vita vikaisha 1918, mshahara wao wa mwisho haukulipwa. Miaka inapita. Mpaka 1964 bunge la Ujerumani Magharibi ndo likapitisha hela ya kuwalipa waliobaki hai, wakafungua dirisha la kulipia pale Mwanza. Wakaja wazee mamia kadhaa, wachache tu ndo wana cheti, wengine wameleta mabaki ya sare, wengine mikono mitupu. Inasimuliwa kwamba mtu wa benki alipokwama akaja na wazo, kila mzee anakuja mbele anapewa ufagio auchukulie kama bunduki, halafu anapigiwa amri za gwaride kwa Kijerumani. Na hakuna hata mmoja aliyeshindwa.

Miaka 46, jamani. Mzee akasimama pale pale, akachukua fimbo yake akatuonyesha bega silaha, paja linamuuma lakini mkono haujasahau, kijiwe kikapiga makofi na muuza kahawa akamwongezea kikombe bila kudai.

Dogo wa boda bado hajatulia, akasema basi tumpigie mzee hesabu ya dumu. Nikamwambia sisi siyo madokta bwana, asilimia zinatolewa na wanaojua, lakini kijiwe hakikutaka kusikia, wakakubaliana kwa kura kwamba paja ni 40 na sikio ni 10. Haya. Dumu la lita 20, paja limetoa lita 8, zimebaki 12. Sikio limetoa sehemu ya kumi ya hizo 12, lita moja na pointi mbili. Zilizotoka ni 9.2, asilimia 46, kwa Wamarekani ingesogezwa ikawa 50.

Mzee akauliza, kwa hiyo humo ndani nimebaki na lita ngapi?

Kumi na pointi nane, mzee.

Akaguna, akamalizia kahawa yake, akasema hizo hizo ndo nalimia michikichi, na mwaka huu imezaa kweli kweli, mje Jumamosi mnisaidie kuangusha mikungu maana ngazi ndo siiwezi tena.