Je, wajua? Jua likimegwa zaidi ya nusu, mbona Tanga giza haliingii?

Tarehe 1 Septemba 2016, karibu na saa sita mchana, mwezi ulipita mbele ya jua. Rujewa, mkoani Mbeya, walishuhudia jua likibaki pete. Tanga tuliambulia kipande: zaidi ya nusu ya jua ilifichwa, lakini asiyekuwa na habari aliendelea kuanika nguo zake bila kushtuka. Mchana ulibaki mchana.

Jicho ndilo linalotudanganya. Mwanga ukipungua polepole, mboni hutanuka nayo macho huzoea, usijue umepoteza kiasi gani. Halafu jua lenyewe limejaaliwa: mwanga wake ni kama mara 400,000 ya mwezi mpevu. Hata ikibaki asilimia 1 tu, hiyo ni miezi mipevu 4,000 kwa mpigo. Giza litoke wapi?

Paneli ya sola haidanganyiki. Jua la utosi, anga likiwa safi, hutua ardhini kama wati 1,000 kwa kila mita ya mraba. Fundi akiunga mita yake kwenye paneli ya kuchajia taa za wavuvi wa dagaa siku ya kupatwa, ataona volti zikitikisika kidogo tu. Ampea, yaani kiasi cha umeme unaopita, ndizo zinazoporomoka, sambamba na mwanga.

Hesabu ya mwanga uliofichwa ina mtego, lakini. Ukisikia ukingo wa mwezi umefika katikati ya jua, hiyo ni nusu ya upana. Eneo lililofichwa ni kama asilimia 39. Tena ukingo wa jua umefifia kuliko katikati, kwa hiyo tonge la kwanza la mwezi hula mwanga kidogo kuliko ukubwa wake.

Mawingu nayo huingilia. Mwaka 2024 watafiti wa Uholanzi, kwa picha za setilaiti za Afrika, walionyesha kwamba vile vijiwingu vya mafungumafungu juu ya nchi kavu huanza kutoweka jua likifichwa kama asilimia 15 tu. Ardhi hupoa, hewa ya moto inayovilisha huacha kupanda.

Tarehe 2 Agosti 2027 jua litapatwa tena. Luxor, Misri, litafichwa lote kwa zaidi ya dakika 6. Kwetu ni kipande. Huna miwani maalumu? Usiinue macho. Ingia bandani, tazama sakafuni: kila kitundu cha paa la makuti kitakuwa kimeangusha picha yake ya jua lililomegwa.