Antena ya FM: waya mrefu si dawa

Ujumbe unaozunguka kwenye magrupu ya Arusha na Moshi unadai waya wa mita 20 ukiungwa kwenye redio ya sebuleni utanasa kila stesheni ya FM. Si kweli. Mawimbi ya FM, megahezi 87.5 hadi 108, yana urefu wa mita 3 hivi; antena ya umbo la T yenye mikono miwili ya sentimita 75, jumla nusu ya urefu huo, inatosha. Kikubwa ni mahali: nyumba iliyokingwa na mlima hupata shida hata uongeze waya. Jaribu: itoe antena nyuma ya kabati, iinue dirishani, igeuze taratibu ukisikiliza. Waya mrefu ulisaidia kweli enzi za redio za masafa mafupi (SW), ndipo watu wanapochanganya. Tafadhali msiusambaze ujumbe huo tena. Waya wa juu ya paa ukigusa nyaya za umeme unaua.