Liwa, piko na kopo lisilo na jina: maswali ya ngozi kutoka Lamu

Nyumbani kwetu Mkomani kulikuwa na msio, kipande cha jiwe la matumbawe ambacho mama alisagia kijiti cha msandali. Alidondoshea marashi ya waridi kidogo kidogo, akasugua mpaka ikatoka liwa nzito, nasi watoto tukiona kila kilichoingia. Leo nikiwa muuguzi, nikiulizwa juu ya dawa yoyote ya ngozi, swali langu la kwanza ni lile ambalo mama hakuwa na haja ya kuuliza: humu ndani mna nini? Haya ni baadhi ya maswali ambayo kina mama, mabinti na wavuvi huniletea mara kwa mara.

Arusi yangu imebaki wiki tatu. Somo wangu, mama anayenitayarisha kwa arusi, ananisinga kwa singo na kunipaka liwa, lakini shangazi ameniletea krimu kwenye kopo ili uso ung'ae haraka. Nitumie vyote?

Mwanangu, endelea na singo, kopo liweke kando.

Singo ni maua makavu, liwa, karafuu, manjano na vinginevyo, kila somo na kipimo chake. Kazi yake ni kusugua na kuondoa ngozi iliyokufa juu, ndiyo maana ukimaliza mwili unakuwa laini na unanukia. Haikubadilishi rangi, wala haikukusudiwa hivyo. Mwambie somo asisugue kwa nguvu usoni, asipitishe juu ya chunusi wala pale uliponyoa siku hiyohiyo, kwa kuwa karafuu huchoma. Kama hujawahi kutumia mchanganyiko wake, paka kidogo upande wa ndani wa kiwiko na usubiri siku mbili. Pasipowasha wala kuvimba, endeleeni.

Sasa lile kopo. Krimu inayobadilisha rangi ya mtu kwa siku chache mara nyingi huwa na kimojawapo cha vitu vitatu, au vyote pamoja: zebaki, haidrokwinoni, au dawa kali za jamii ya steroidi. Zebaki hupenya ngozi ikaenda kwenye figo. Mtu huanza kuvimba uso na miguu, mkojo ukatoa povu, mikono ikatetemeka. Haikai kwa aliyejipaka peke yake, maana hushika taulo na mito, na mtoto anayelala kifuani pa mama huipata pia. Mkataba wa Minamata wa 2013, ule wa kimataifa kuhusu zebaki, ulikubaliana kuondoa sokoni, ifikapo 2020, vipodozi vyenye zebaki zaidi ya miligramu 1 kwa kilo. Bado vinauzwa. Haidrokwinoni ikitumiwa muda mrefu hugeuka, ikaacha mashavu na weusi wa kibuluu usiotoka. Steroidi huikondesha ngozi ikawa kama karatasi, michirizi ikajitokeza, na kidonda kidogo kikakataa kupona.

Kuna dalili moja nataka kila bi arusi aijue. Ukiona maelezo ya krimu yanakuonya isiguse dhahabu wala fedha, ishuku zebaki mara moja, kwa sababu zebaki hushikamana na dhahabu na kuiharibu. Kitu kinachokula bangili yako, usikipeleke usoni. Na kopo lisilo na orodha ya vilivyomo halina nafasi nyumbani kwako, hata likiwa limeandikwa "asili" kwa herufi kubwa.

Shangazi usimwaibishe. Mara nyingi naye ameuziwa kwa maneno matamu. Kama umeshaitumia kwa wiki kadhaa, usiache ghafla bila kumwona daktari, kwani ngozi iliyozoea steroidi huwaka vibaya inapoikosa.

Binti yangu wa miaka tisa alipakwa hina na piko kwa Idi. Hina haina neno, lakini mchoro wa piko umevimba na kufanya malengelenge. Nimpake nini?

Pole mama. Osha taratibu kwa maji na sabuni isiyo na manukato, weka kitambaa safi kilicholowa maji baridi, usipasue malengelenge, na umpeleke kituo cha afya leo. Usimpake dawa ya meno, majivu wala ndimu.

Hina na piko hupakwa na mkono mmoja, tukadhani ni ndugu. Si ndugu. Hina ni majani ya mhina yaliyosagwa. Hutoa rangi ya chungwa, ikaiva kuwa nyekundu ya kahawia baada ya siku moja au mbili. Haitoi weusi hata uikeshee. Piko nyeusi ni rangi ya nywele, na kinachoipa weusi huo ni kemikali iitwayo parafenilinidiamini. Hata kichwani hutakiwa kutumika kwa kipimo na kusuuzwa. Pale mkononi mwa mtoto hukorogwa nzito, ikaachwa ikauke.

Jambo zito ni kwamba mwili ukishaikataa mara moja, hausahau. Miaka kumi na tano baadaye binti huyu akitia rangi nyeusi kwenye nywele, uso unaweza kuvimba hadi macho yakaziba. Kwa hiyo mwambie yeye mwenyewe, waambie na shangazi zake: asipakwe piko tena, wala asitiwe rangi nyeusi ya nywele. Alama iliyobaki inaweza kuchukua miezi kufifia.

Hata hina halisi naiomba isubiri kwa watoto wachanga. Pwani yetu, kama sehemu nyingi zilizoishi na malaria kwa karne nyingi, ina watu wanaozaliwa na upungufu wa kimeng'enya cha G6PD, kinacholinda chembe nyekundu za damu. Mtoto wa aina hiyo akipakwa hina sehemu kubwa ya mwili, chembe zake nyekundu za damu zinaweza kuvunjika, akageuka manjano na kuishiwa damu. Mwache akue kwanza.

Mimi ni mvuvi wa Kizingitini. Tangu utoto najipaka mafuta ya nazi kabla ya kuingia baharini. Yananikinga na jua?

Kaka, yanakukinga na ukavu. Jua yanalipunguza kidogo mno, na katikati ya bahari unapigwa mara mbili, kutoka juu na kutoka kwenye maji. Wingu la kusi nalo linadanganya, maana miale inapita. Kinga yako kubwa ni shati la mikono mirefu, kofia yenye ukingo mpana, na kikoi shingoni, hasa kati ya saa nne asubuhi na saa kumi alasiri. Angalia pia macho: kile kinyama kinachoota upande wa pua na kutambaa kuelekea mboni huletwa na jua na upepo wa miaka mingi, na miwani ya giza husaidia.

Mafuta ya nazi yapake jioni, baada ya kuosha chumvi kwa maji baridi, mwili ukiwa bado na unyevu. Hapo ndipo yanafanya kazi, kwa kufungia maji yasitoke. Ukiwa na chunusi usoni, uso uache, kwa kuwa huziba vinyweleo.

Kwa ndugu zetu wenye ualbino, nguo na kofia haziachwi hata siku moja, na krimu ya jua yenye kinga (SPF) ya 30 au zaidi ni dawa kwao, si urembo. Kidonda kisichopona kwa mwezi kikaguliwe.

Mtoto ana harara shingoni na mgongoni tangu kaskazi ianze. Bibi yake anampaka mafuta ya nazi kutwa.

Harara hutokea jasho likikosa njia, na mafuta mazito huziba njia zilizobaki. Mwogeshe maji baridi, mvalishe pamba nyepesi au mwache kifua wazi, mlaze penye upepo. Itapoa yenyewe. Kama maji ya kisima chenu ni ya chumvi, malizia kwa kopo moja la maji matamu. Bibi mpe kazi nyingine ya mapenzi, kama kumpepea. Na wanja asipakwe machoni. Wanja wa madukani mara nyingi una madini ya risasi, sumu inayodumaza akili ya mtoto.

Shingo yangu imekuwa nyeusi, nene kama mahameli. Nasugua kwa ndimu na chumvi kila siku, haitoki.

Dada, si uchafu, na acha ndimu leo hii. Maji ya ndimu yakipigwa na jua juu ya ngozi huunguza kweli, yakaacha malengelenge na madoa.

Weusi wa aina hiyo shingoni na kwapani mara nyingi ni barua kutoka ndani. Insulini imekuwa nyingi kwa sababu mwili hauiitikii sawasawa, na njia hiyo huishia kwenye kisukari. Nenda ukapimwe sukari kabla ya kula asubuhi. Ikiwa ni milimoli 7.0 kwa lita au zaidi, hurudiwa ili kuthibitisha kisukari. Ikiwa chini ya hapo, lakini si ya kawaida, bado una nafasi nzuri ya kuirudisha.

Hapa ndipo dawa ya ngozi inapohamia jikoni. Kahawa chungu haina tatizo. Tatizo ni halua tatu zinazoandamana nayo, mahamri ya asubuhi, soda ya mchana na chai yenye vijiko vinne. Shirika la Afya Duniani linasema sukari ya kuongezwa ikikaa chini ya vijiko sita vya chai kwa siku, ndiyo bora. Samaki wa kupaka, mchicha na kunde tunavyo. Wali upungue sahani, mboga ziongezeke. Tembea pia. Mji wetu una vichochoro visivyopita gari, na kutoka Langoni hadi Shela kwa miguu, ukirudi, ni mazoezi ya kutosha kwa siku. Lengo ni dakika 150 kwa wiki. Uzito ukipungua kidogo tu, shingo nayo huanza kufifia.

Nina baka jeupe mkononi. Haliwashi, haliumi, basi sijalijali. Jirani anasema nipake mwarobaini.

Kutowasha ndiko kunakonitia wasiwasi. Funga macho, mtu akuguse baka hilo kwa ncha ya pamba, kisha akuguse pembeni yake. Kama pembeni unahisi na juu ya baka huhisi, usipake kitu chochote. Baka lililokufa ganzi linaweza kuwa ukoma. Ukoma una tiba ya vidonge, hutolewa bure, kwa miezi 6 au 12 kulingana na hali, na ukianza mapema vidole na macho vinasalimika. Watu wa nyumbani kwako nao wakaguliwe. Nenda Hospitali ya King Fahd au zahanati iliyo karibu nawe kesho asubuhi, na ukifika sema hivi: "Nina baka, na halihisi."