Kuomba ST4 ya tiba ya dharura Uingereza: anza kuhesabu kutoka tarehe ya mwisho

Kila mwaka, mwishoni mwa Novemba, Oriel, mfumo wa mtandaoni wa maombi ya mafunzo ya madaktari Uingereza, hufungua maombi ya nafasi za ST4, yaani mwaka wa nne wa mafunzo ya ubingwa, za tiba ya dharura, na katikati ya Desemba huyafunga. Dirisha hufungwa saa 10 jioni kwa saa za Uingereza, ambayo kwa mwezi huo ni saa 1 usiku Dar es Salaam na Nairobi. Ukichelewa kwa dakika moja umechelewa kwa mwaka mzima. Ndani ya wiki hizo chache kazi yako ni kunakili ulichonacho. Vya kutafuta vilipaswa kutafutwa mwaka mmoja au mmoja na nusu kabla.

Tuanze na nani hasa anaomba. Njia ya kawaida ya Uingereza ni ACCS, mafunzo ya awali ya miaka 3: daktari huzunguka tiba ya dharura, magonjwa ya ndani, usingizi (dawa za usingizi na ganzi) na ICU, kisha mwaka wa tatu hurudi idara ya dharura, watoto wakiwemo. Baada ya hapo ni ST4 hadi ST6, miaka mingine 3, na mwisho wake ni CCT, cheti cha kukamilisha mafunzo, na jina lako kwenye rejista ya mabingwa ya GMC, baraza la madaktari la huko. Aliyeingia kwa mkataba unaokwenda moja kwa moja hadi ST6 haombi tena katikati. Kwa hiyo foleni ya ST4 ina watu wa aina mbili: waliokatisha au kuchukua njia nyingine ndani ya Uingereza, na madaktari waliojengeka nje ya mafunzo rasmi, wengi wao wakiwa wametoka nchi nyingine.

Hapa ndipo wenzangu wenye MMed ya tiba ya dharura, iwe ya Muhimbili au kwingineko, hukwama. MMed ni shahada nzito, ila peke yake haikuingizi ST4 wala kwenye rejista ya mabingwa. Una milango mitatu. Wa kwanza ni ST4 yenyewe. Wa pili ni DRE-EM, njia ya kuingilia ngazi ya ST3 kwa wenye uzoefu ambao hawakupita ACCS. Wa tatu ni Portfolio Pathway, iliyokuwa ikiitwa CESR: hushindanii nafasi ya mafunzo, unafanya kazi ya kawaida idarani huku ukikusanya ushahidi, kisha unaomba GMC ikutambue kama bingwa. Tangu mwisho wa Novemba 2023 kigezo chake ni maarifa, ujuzi na uzoefu wa bingwa, badala ya kuthibitisha kwamba mafunzo yako yalilingana na ya Uingereza hatua kwa hatua. Kwa maoni yangu, bingwa mwenye miaka sita au saba ya kuongoza idara nyumbani afikirie mlango huu wa tatu kwa makini kabla ya kurudi kuwa mwanafunzi kwa miaka 3. Anayetaka kwenda PHEM, yaani tiba ya dharura nje ya hospitali, au tiba ya dharura ya watoto, mara nyingi hufaidika zaidi na ST4, maana mafunzo hayo ya ziada hujengwa ndani ya programu.

Jambo la kisera nalo lisikupite. Mpango wa Miaka 10 wa afya wa England, uliotolewa Julai 2025, uliahidi kuwapa kipaumbele wahitimu wa vyuo vya Uingereza na madaktari waliokwisha kufanya kazi NHS, huduma ya afya ya umma ya huko, kwa muda wa kutosha. Tena, kuanzia udahili wa 2026 mtu mmoja ana kikomo cha maombi 5. Soma masharti ya mwaka unaoomba kabla ya kitu kingine chochote. Na kwa mwelekeo huo, kuomba ukiwa bado Mwanza au Mombasa bila siku moja ya kazi NHS ni kujitafutia hasara. Tafuta kwanza kazi isiyo ya mafunzo katika idara ya dharura ya huko.

Mtihani

Sharti lisilo na mjadala ni MRCEM kamili, mtihani wa uanachama wa RCEM, chuo cha kitaaluma cha madaktari wa tiba ya dharura Uingereza. Imezoeleka kuwa na sehemu tatu. Primari ni maswali 180 kwa saa 3, na anatomia na fiziolojia pekee huchukua sehemu kubwa; daktari aliyezoea wodi huiona kama kurudishwa mwaka wa pili wa chuo, na ndiyo maana wengi huidharau kisha huanguka. SBA ya kati (maswali ya kuchagua jibu moja bora) ni karatasi mbili za maswali 90, saa 2 kila moja, na inauliza uamuzi wa kitabibu kwa miongozo ya Uingereza. Mwisho ni OSCE, mtihani wa vitendo: vituo 16 vya kutahiniwa, dakika 7 kila kimoja, na dakika 1 ya kusoma mlangoni.

Sasa piga hesabu kinyumenyume. Chukua hati ya sifa za mwombaji ya mwaka husika, tafuta tarehe ambayo MRCEM lazima iwe imekamilika, kisha hesabu kurudi nyuma: muda wa kutoa matokeo ya OSCE, tarehe ya OSCE yenyewe, tarehe ya kujiandikisha ambayo huwa miezi kadhaa kabla, na nafasi ya kurudia mara moja. Usipoweka nafasi ya kurudia, mpango wako wote umesimama juu ya kituo kimoja kilichokwenda vibaya.

Kuna faida moja ambayo wengi hawaijui: GMC hukubali MRCEM kamili kama sifa ya kusajiliwa, kwa hiyo aliyeipata halazimiki kufanya PLAB, mtihani wa usajili kwa madaktari waliosomea nje. Bado atahitaji mtihani wa Kiingereza (IELTS 7.5 kwa jumla bila kushuka chini ya 7.0 katika sehemu yoyote, au OET) na shahada yake ya kwanza kuhakikiwa kupitia EPIC, huduma ya mtandaoni ya kuhakiki vyeti vya madaktari. Uhakiki huo hutegemea chuo chako kujibu. Ofisi ya msajili ikilaza barua mezani, wewe ndiye unayechelewa, kwa hiyo uanzishe mapema na ufuatilie kwa simu.

Sahihi ya bingwa

Aliyemaliza ACCS huonyesha matokeo ya tathmini yake ya mwaka na mambo yakaisha. Wewe uliye nje ya mafunzo unahitaji bingwa aliyekusimamia athibitishe kwa maandishi kwamba una umahiri wa mtu aliyemaliza ST3, pamoja na vipindi vya usingizi, ICU na magonjwa ya ndani. Bingwa mwenye busara hatasaini kwa ajili ya urafiki. Atauliza: nionyeshe.

Kinachoonyeshwa kimepangwa kwa mtaala wa RCEM ulioanza Agosti 2021, wenye malengo 12 yanayoitwa SLO. Panga potifolio yako, yaani jalada la ushahidi wa kazi yako, kwa SLO tangu siku ya kwanza ya kazi, hata kama hakuna aliyekuamuru. SLO 5 ni watoto, na ndiyo pengo la kawaida kwa aliyefanya kazi hospitali inayopeleka watoto jengo lingine. SLO 6 ni ujuzi wa mikono: mrija wa kifuani, kurudisha viungo vilivyoteguka, kumtuliza mgonjwa kwa dawa wakati wa utaratibu, hadi yale ya nadra kama kufungua kifua kwa dharura, ambayo hukubalika kwa kuigiza. SLO 8, kuongoza zamu, ndiyo roho ya ST4. Ushahidi wake bora ni ESLE, pale bingwa anapokufuata zamuni kwa saa mbili tatu akitazama unavyogawa kazi, unavyokatizwa, unavyorudi kwenye ulichokuwa ukifanya. Ziombe mwenyewe; hakuna atakayekukumbusha.

Usingizi na ICU ndipo mipango mingi inapovunjikia. Nafasi ya miezi 6 katika kila moja huwa haipatikani kirahisi kwa daktari asiye wa mafunzo, kwa hiyo ijadili unaposaini mkataba, wakati hospitali bado inakuhitaji, kuliko baada ya mwaka wanapokuwa wamekuzoea usiku.

Kuhusu alama za potifolio nitasema machache. Orodha hubadilika, lakini vitu vyake ni vilevile: kufundisha, utafiti, uongozi, kozi za kuhuisha, na mradi wa kuboresha huduma. Vyeti vya ALS, ATLS na APLS (kozi za kuhuisha watu wazima, majeruhi na watoto) hudumu miaka 4, basi tazama tarehe zisiishe kati ya maombi na Agosti, mwezi wa kuanza mafunzo. Mradi wa kuboresha huduma uwe umepima, umebadilisha kitu, na umepima tena. Ukaguzi uliopimwa mara moja ukaishia kwenye slaidi hauna uzito. Na usijipe alama usizoweza kuzithibitisha kwa karatasi, kwa kuwa kudanganya hapo ni suala la uadilifu linaloweza kufika GMC.

Usaili

Siku hizi hufanyika kwa video. Maswali hubadilika, ila kinachopimwa ni kama unaweza kuachiwa idara usiku huku bingwa akiwa nyumbani kwake. Chukua mfano huu. Saa 4 usiku, wagonjwa 60 idarani, vitanda 5 vya resusi (chumba cha kuhuisha walio mahututi) vimejaa, ambulensi 7 nje na ya muda mrefu zaidi imesubiri dakika 90. Daktari mmoja wa usiku hakuja. Nesi kiongozi anakwambia mtoto wa miaka 3 aliyesimama moyo anafika baada ya dakika 6.

Anayeanza kueleza jinsi atakavyomwekea mtoto mrija wa hewa amekwisha kupoteza alama. Jibu linaloeleweka huenda hivi: ita timu ya kuhuisha watoto na daktari wa usingizi sasa hivi, muulize nesi kiongozi ni nani resusi anaweza kutoka, na mtoe, gawa majukumu kwa majina, akiwemo mtu mmoja wa kukaa na wazazi tu. Piga hesabu kwa sauti na iandikwe ubaoni: uzito kwa kanuni ya umri kuongeza 4 mara 2, yaani kilo 14, shoti ya jouli 4 kwa kilo, 56, adrenalini ya 1:10,000 mililita 0.1 kwa kilo, 1.4, maji mililita 10 kwa kilo, 140. Kisha simama miguuni mwa kitanda, uongoze.

Na kabla mtoto hajafika, kabidhi idara iliyobaki kwa mtu: daktari mwenye uzoefu zaidi baada yako atoke nje kuwatazama wa kwenye ambulensi kwa NEWS2, alama za kupima ukali wa hali ya mgonjwa, na yeyote mwenye 7 au zaidi aingie kwanza. Mpigie bingwa simu, useme unachotaka afanye. “Nakujulisha tu” haitoshi. Msimamizi wa vitanda apewe majina ya wanaosubiri wodi. Mtoto akishahudumiwa, rudi kwenye idara na ukusanye timu kwa dakika chache. Sehemu hii ya kurudi ndiyo watahiniwa huisahau, na wasaili huisubiri.

Eneo jingine linalowaangusha waliosomea Afrika Mashariki ni sheria. Mtu mzima amemeza parasetamoli kupita kiasi saa 2 zilizopita na anataka kuondoka. Kwetu tungewaita ndugu wasaini. England ndugu hawasaini kwa niaba ya mtu mzima. Unapima uwezo wake wa kuamua kwa Sheria ya Uwezo wa Akili ya 2005: anaelewa, anakumbuka kwa muda wa kutosha, anapima faida na hasara, anaweza kueleza uamuzi wake? Akikosa hata moja kwa sababu ya hitilafu ya akili au ubongo, unamtibu kwa manufaa yake, kwa njia isiyombana kupita kiasi. Usikimbilie kifungu cha 5(2) cha Sheria ya Afya ya Akili ya 1983. Hakitumiki kwa mgonjwa ambaye hajalazwa. Kitabibu, kipimo cha damu kichukuliwe saa 4 baada ya kumeza, na mstari wa kuanza asetilisisteini, dawa ya kukinza sumu hiyo, kwa saa hiyo ni miligramu 100 kwa lita.

Kupanga chaguo na kupokea nafasi

Oriel itakupa orodha ya maeneo uyapange. Yapange kwa utaratibu unaoutaka kweli. Kubahatisha kwamba mahali fulani hapana ushindani hakukuongezei chochote, kwa kuwa nafasi hutolewa kwa kufuata alama zako kwanza, kisha chaguo lako la juu ambalo bado liko wazi. Mahali usipoweza kuishi pasiwe kwenye orodha kabisa. Tazama ramani pia: eneo moja linaweza kuwa na hospitali zilizo mbali sana, na utazizungukia kwa miaka 3, mara nyingi kwa gari lako mwenyewe baada ya zamu ya usiku.

Nafasi ikija una saa 48 za kujibu. Unaweza kuikubali moja kwa moja, kuikubali huku ukisubiri chaguo la juu zaidi, au kuishikilia kwa muda. Ukikubali kwa kusubiri na chaguo la juu likapatikana, unahamishwa bila kuulizwa tena, kwa hiyo futa mapema chaguo ulilobadilisha mawazo nalo. Kuahirisha kuanza hukubaliwa kwa sababu za kisheria kama uzazi au ugonjwa. Kumalizia mkataba nyumbani si sababu. Aliye nje ya nchi aanze hati za viza ya wafanyakazi wa afya mara tu anapopewa cheti cha udhamini, na usajili wa GMC wenye leseni uwe mkononi kabla ya siku yako ya kwanza ya kazi mwezi Agosti.